Kutoka Banda la Nguruwe hadi Mtoni

Mwezi Novemba 2015, watafiti nchini China walitangaza kwamba wamekuta jeni iitwayo mcr-1 katika sampuli 166 kati ya 804 za mifugo, na 16 kati ya 1,322 za wagonjwa waliolazwa. Bakteria mwenye jeni hiyo hastuki kwa kolistini, dawa ambayo madaktari huikimbilia nyingine zinaposhindwa. Wafugaji walikuwa wakiichanganya katika chakula cha mifugo, si kwa kutibu maradhi, bali ili wanyama wanenepe upesi.

Kolistini ikiliwa, utumbo hufyonza kidogo tu; iliyobaki hutoka na kinyesi. Samadi hutandazwa shambani, mvua huikokota hadi mtoni, nayo hubeba dawa pamoja na bakteria waliokwisha kuizoea. Huko majini bakteria hao hawana haja ya kumwambukiza mtu ili walete madhara. Jeni ya mcr-1 imo katika plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria humgawia mwenzake, hata asiye wa jamii yake.

China ilipiga marufuku matumizi hayo ya kunenepesha mwaka 2017. Kwa maoni yangu ilichelewa, kwani jeni ilikwisha kuonekana katika mabara kadhaa.

Msomaji atekaye maji mtoni ajue kuwa usugu huu ni wa dawa, si wa moto: maji yakichemka, bakteria sugu hufa kama wengine. Mhudumu wa afya naye, antibiotiki ikishindwa, aagize kwanza kipimo cha kuotesha vimelea, tena amuulize mgonjwa anafuga nini nyumbani.