BAWABU WA HABARI YUPO BADO

Wako wanaosema kwamba siku hizi habari hazina bawabu, kwani kila mwenye simu ni mtangazaji. Mimi sikubaliani nao. Bawabu yupo bado, ila amehama.

Zamani alikaa katika chumba cha habari. Mwaka 1949, huko Marekani, mtafiti David Manning White alimwomba mhariri mmoja wa gazeti atunze, kwa wiki nzima, kila habari ya mashirika aliyoikataa na aeleze sababu. Ikaonekana kwamba kama sehemu tisa kwa kumi hazikuchapishwa. Mara nafasi ilijaa, mara yeye mwenyewe hakuipenda tu.

Leo mabawabu ni wengi. Yupo msimamizi wa kundi la WhatsApp, anayeamua nani aingie na nani atolewe. Yupo mwenye wafuasi wengi. Akirudia neno la mtu asiyejulikana, neno hilo linavuma. Ipo pia programu ya kompyuta ya Facebook, inayochagua utakachokiona kwanza. Na upo wewe, na kidole chako.

Tusilifanyie mzaha jambo hili. Mwaka 2018, nchini India, uvumi juu ya wezi wa watoto ulienea kwa WhatsApp, na watu wasio na hatia wakapigwa hadi kufa. Julai mwaka huo kampuni iliweka kikomo nchini humo: ujumbe upelekwe sehemu tano tu kwa mara moja. Januari 2019 kikomo hicho kikaenea duniani kote. Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukaruhusiwa sehemu moja tu. Kampuni ikasema ujumbe wa namna hiyo ulipungua kwa asilimia 70.

Lakini angalia: mlango ulifanywa mwembamba bila mtu kusoma kinachopita. Uongo ulicheleweshwa, na onyo la kweli la mafuriko nalo likacheleweshwa.

Mimi nikitangaza uongo, mnajua jina langu na mnajua pa kunipata. Bawabu wa simu hana anwani. Kwa hiyo, kabla hujabonyeza, jiulize: nani ameliona jambo hili kwa macho yake, wapi, na lini? Ukikosa jibu, funga mlango. Wazee walisema neno likitoka halirudi, na wakati huo lilikwenda kwa miguu.