Mlima haujakukataa, ni haraka zako tu

UMEWAHI kuamka alfajiri pale Pasua, ukatoka uani na mswaki mdomoni, ukageuza uso kaskazini? Mlima huo hapo! Mweupe kichwani, kimya, utadhani uko nyuma tu ya mabati ya jirani. Ikifika saa nne mawingu yanaufunika, na kutwa nzima unasahau kama kuna mlima.

Mimi nimekua nikiuona hivyo kila siku, nikaamini naujua. Kumbe nilikuwa najidanganya, na uongo huo nusura unitoe roho.

Nilikuwa na miaka 22 nilipopata nafasi ya kupanda kama mgumu, yaani mbeba mizigo wa watalii. Nikuambie ukweli, msomaji wangu: kilichonipeleka siyo kazi. Kilichonipeleka ni kijiwe. Nilitaka nirudi nikae pale kibarazani niwaambie washkaji, "Mlima wenyewe mbona cha mtoto!"

Siku ya kwanza, kutoka geti la Marangu hadi Mandara, nilipita wote mbiombio na mzigo wangu kichwani. Wazee wa kazi waliniangalia, hawakusema kitu. Siku ya pili, kabla ya kufika Horombo, kwenye mita 3,720, kichwa kikaanza kugonga kama kuna fundi bati ndani. Nikatapika. Usiku sikulala. Asubuhi kiongozi wa msafara akanitazama usoni, akanyanyua kidole kuonyesha chini. "Wewe unashuka."

Nikachemsha! Nilirudi Pasua nimenuna, nikatangaza kijiweni kwamba yule mzee ananionea wivu, kwamba alishanipangia. Kwa miaka miwili nikikutana naye sokoni nilikuwa najifanya sijamwona.

Macho huona, moyo hutafsiri

Hapo ndipo penye somo la kwanza. Jicho langu liliona kidole kinaonyesha chini. Basi, hayo tu. Neno "wivu" nililiongeza mimi mwenyewe.

Usinicheke, maana hata wasomi wakubwa wamewahi kuchemsha kwa mlima huu huu. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, alikuja huku kwa miguu akitokea Rabai, karibu na Mombasa. Aliona weupe kileleni. Aliyekuwa akimwongoza njia aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akaelewa kwamba ni theluji, akaandika hivyo. Huko London bwana mmoja msomi wa jiografia, William Desborough Cooley, akapinga katakata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Na Cooley mwenyewe alikuwa hajawahi kukanyaga Afrika. Ilibidi afike Carl Claus von der Decken na wenzake, ambao mwaka 1862 walipanda kupita mita 4,000, ndipo dunia ikakubali.

Sasa jiulize: ni mara ngapi wewe ni Cooley? Mchumba hajajibu salamu, umeshaamua kapata mwingine. Bosi kapita bila kukuangalia, umeshajua unafukuzwa. Umekaa London, unabishana na theluji ambayo hujaenda kuiona.

Mimi niliupata ukweli wangu siku moja Memorial, kwenye mitumba. Yule mzee alinishika bega kabla sijakwepa. Akasema, "Mdogo wangu, siku ile midomo yako ilikuwa ya bluu. Ningekuacha upande, ningekurudisha kwa mama yako kwenye machela." Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka miwili namnunia mtu aliyeniokoa!

Na aliloliona lina maelezo yake. Kule kileleni, kwenye mita 5,895, pumzi moja unayovuta ina hewa ya oksijeni nusu tu ya ile ya pwani. Mwili unaweza kuzoea, ila unataka siku kadhaa. Ukiukimbiza, maji hujaa mapafuni au ubongo ukavimba, na mtu anakufa, hata awe na misuli ya bondia. Ndiyo maana kule wimbo ni mmoja: pole pole.

Nia yako ni ya nani?

Somo la pili ni nia. Kilele kile ni jiwe lile lile, lakini angalia watu walivyokiendea. Mjerumani Hans Meyer alipofika juu tarehe 6 Oktoba 1889, alisimika bendera ya nchi yake na kukipa kilele jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda wa jeshi letu alisimamisha pale pale bendera ya Tanganyika huru na Mwenge, na kilele kikaitwa Uhuru. Jiwe halikubadilika. Kilichobadilika ni nia.

Nia yangu ya kwanza ilikuwa kuuza sura, na nia ya kuuza sura ina ubaya wake: inataka haraka, kwa sababu watazamaji hawasubiri. Unajiunga na kozi ya kompyuta ili uonekane. Unaanza biashara ili fulani aumie roho. Yule fulani akihama mtaa, na biashara nayo inakufa, maana ilikuwa yake, haikuwa yako.

Nilipoomba kupanda tena, mzee aliniuliza swali moja tu, "Safari hii unampandia nani?" Nikamjibu ninampandia dada yangu, ada yake ilikuwa inadaiwa. Akatikisa kichwa, akasema, "Hiyo inabebeka."

Ngazi za barafu

Somo la tatu ni mazoezi, na hapa turudi kwa Meyer, maana watu wanapenda kusimulia kufika kwake tu. Alijaribu mara tatu. Mwaka 1887 barafu ilimzuia. Mwaka 1888 mlima wenyewe hata hakuufikia: alikamatwa wakati wa vita ya Abushiri, akatiwa minyororo hadi alipolipiwa fidia. Mwaka 1889 akaja na akili mpya. Aligundua kwamba kinachomrudisha mtu chini ni njaa na uchovu, hivyo akapanga kambi kadhaa, na vijana wa hapa wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu kila mara.

Sasa sikia hii. Tarehe 3 Oktoba, yeye na mwenzake Ludwig Purtscheller walichonga ngazi kwenye barafu kwa shoka, hatua baada ya hatua, wakafika ukingoni. Wakaona kilele bado kiko mbele, na nguvu zimeisha. Wakarudi! Wakapumzika. Siku tatu baadaye wakapitia ngazi zile zile walizochonga, wakafika.

Ile siku ya kurudi haikuwa hasara. Ndiyo iliyochonga njia. Mtihani uliofeli na duka lililofungwa ni ngazi, ilimradi upite tena pale pale.

Safari yangu ya pili nilitembea nyuma ya wote. Nilikunywa maji hata bila kiu. Siku ya tatu nikafika Kibo, mita 4,700 na ushee, nikatua mzigo. Kileleni sikufika, maana wagumu wengi kazi yetu huishia pale. Niliketi nje ya kibanda nikatazama bonde lote la chini, nikajua Pasua iko huko mahali fulani chini ya mawingu. Ada ililipwa. Kijiweni sikusimulia kitu.

Ya kufanya leo usiku

Chukua daftari, la kawaida tu. Chora mistari miwili upate safu tatu. Ya kwanza, andika jambo moja lililokuudhi leo, lakini uandike kile tu ambacho macho yaliona, siyo ulichodhani. Ya pili, andika jambo unalolihangaikia na unamfanyia nani. Ya tatu, andika hatua moja ndogo uliyochonga leo. Ikiwa hakuna, acha wazi, usijidanganye. Fanya hivyo mwezi mmodja bila kumwambia mtu. Na kama kuna mtu umemnunia, nenda kamwulize alikuwa na maana gani. Mimi ilinichukua miaka miwili, na yule mzee ndiye aliyeanza.