Kugawana Mali ya Jumuiya

Je, umewahi kuona ndugu wakigombania mirathi? Nchi nazo hugombana hivyo.

Zamani Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na shirika moja la reli, moja la posta na moja la ndege. Mwaka 1977 Jumuiya yao ilivunjika. Ndege nyingi zilibaki Nairobi. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya.

Akatafutwa msuluhishi, Victor Umbricht wa Uswisi. Alihesabu mali na madeni, maana madeni nayo hugawanywa! Mazungumzo yalichukua miaka. Novemba 1983 Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha. Wakapatana, na mpaka ukafunguliwa. Mwaka 1984 walitia sahihi mkataba wa kugawana mali.

Leo vitunguu vya kwetu Singida huuzwa hadi Kenya.