Kwa Nini Mkulima Hutemea Mate Viganjani

Msomaji mmoja wa Dar es Salaam ameniandikia swali ambalo nililiweka kando wiki mbili, kwa sababu mimi gofu sichezi. Anasema viganja vyake hutoka jasho jingi, fimbo inamteleza na kugeuka mkononi kila akipiga, na muuzaji mmoja amemshauri atupe seti yote anunue mpya. Anauliza: hapa pana sayansi, au nauziwa tu?

Sayansi ipo, tena tamu. Na unauziwa pia.

Sitaeleza gofu huchezwaje wala mashimo 18 ni ya nini. Anayeuliza anayajua hayo kunishinda, na asiyeyajua hatayahitaji. Haja yangu ni zile sentimita 27 hivi za mpira zilizovikwa ncha ya juu ya fimbo. Mchezaji anaweza kubeba fimbo 14 mkobani, ndio mwisho unaoruhusiwa, na zote hazimgusi popote ila hapo.

Kwanza tupatane jina, maana bila jina sitaendelea. Wengi husema gripu na mambo yanaishia hapo. Nilitaka kusema mshiko, lakini mwambie kijana wa Kariakoo kwamba fimbo yako imeishiwa mshiko uone atakavyokuhurumia: kwake mshiko ni pesa. Mpini nao haufai, kwani mpini ni ule mti mzima wa jembe. Basi ule mpira nitauita kishikio. Bado kile kitendo cha mkono wenyewe. Kushika ni neno pana mno: tunashika njia, tunashika dini, tunashika mimba. Lakini tunacho kitenzi fumbata, kufunga vidole juu ya kitu kikabaki ndani ya kiganja. Kutoka hapo napata mfumbato, na wataalamu wa lugha wakinipinga, walete lao.

Mfumbato una kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Kichwa cha fimbo ile ndefu ya kuanzia kina uzito wa gramu 200 hivi. Kikipita chini kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, na mchezaji mzuri wa ridhaa anaifikia kasi hiyo, kinavuta mikono kwa nguvu ya mzigo wa kilo 25 hadi 30. Ni ndoo ya lita 20 iliyojaa pomoni, ukaongezewa na mfuko wa unga. Kisha mpira ukigongwa pembeni kidogo mwa uso wa fimbo, fimbo yote hutaka kujizungusha kiganjani. Haishangazi kwamba mchezaji hufumbata kama anayeng'ang'ania mkoba wake ndani ya daladala.

Hapo ndipo anapokosea, na kosa lake linaanzia kwenye tabia ya ajabu ya mpira.

Shuleni tuliambiwa msuguano hufuata mgandamizo: ukikandamiza mara mbili, msuguano nao unakuwa mara mbili, na ukubwa wa eneo linalogusana si hoja. Mfaransa Guillaume Amontons aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1699, na kwa tofali juu ya meza ni kweli. Kwa mpira si kweli. Tofali hugusa meza kwa ncha chache ndogo zisizoonekana. Ukiliongezea uzito, ncha nyingine zinagusa, na msuguano unapanda sawia. Mpira ni mwororo. Hata kwa mgandamizo mdogo unazama katika mabonde ya kitu unachokigusa na kuyajaza karibu yote. Ukizidi kuukandamiza, yamebaki mabonde gani ya kujaza? Unaongeza nguvu nyingi, unavuna msuguano kiduchu.

Msuguano huo wenyewe unatoka wapi? Mwaka 1963 mtafiti K. A. Grosch alichapisha vipimo vyake akaonyesha kwamba mpira una njia mbili. Ya kwanza ni mgandano: molekuli za mpira na za kitu cha pili zinakaribiana hadi kunatana, zinavutwa, zinaachiana, zinanatana tena. Ya pili naiita mbonyeo, na hiyo ndiyo iliyonifanya nilijibu swali hili.

Chukua upatu. Bi Chuma na Bi Mpira ni wanachama, na wote wanakopa. Kila kinundu kidogo kinachopita juu ya mtu humbonyeza, na kumbonyeza ni kumkopesha nishati. Bi Chuma akikopeshwa, hurudisha hapo hapo, senti kwa senti: kinundu kinapoingia anasukumwa, kinapotoka naye anakisukuma mbele kwa nguvu ile ile, na hesabu inafutika. Bi Mpira hana haraka. Kinundu kinapoingia anapokea mkopo wote. Kinapoondoka, badala ya kurudi mahali pake upesi na kukipa msukumo wa nyuma, yeye bado anajinyanyua polepole, ana udhuru, foleni ilikuwa ndefu, simu iliisha chaji. Anapokuwa tayari kulipa, mkopeshaji ameshapita, na anachotoa ni pungufu. Kwa hiyo kila kinundu kinazuiwa kwa mbele kuliko kinavyosukumwa kwa nyuma. Pungufu hilo, kinundu kwa kinundu, maelfu kwa wakati mmoja, ndilo linalozuia kuteleza. Na pesa iliyokatwa haikupotea: imekuwa joto. Ndiyo maana tairi hupata moto barabarani.

Upatu huu una utamu zaidi. Mgandano ni mkopo wa kuaminiana uso kwa uso. Akiingia mtu wa tatu katikati, imani inakwisha. Mtu huyo ni maji. Jasho likitandaza utando mwembamba kati ya kiganja na kishikio, molekuli hazinatani tena. Mbonyeo haujali, kwa sababu kinundu kinabonyeza hata palipolowa. Waliovumbua vishikio vyenye nyuzi za pamba ndani ya mpira walikuwa wanaongeza vinundu kwa makusudi, ili mvua ikiondoa njia ya kwanza ibaki ya pili. Ila tahadhari: ngozi ya binadamu nayo ni nyororo na huchelewa kurudi vilevile. Nyuzi zile ngumu zinapobonyeza kiganja, mdaiwa ni kiganja, na riba yake ni malengelenge.

(Hapa nisamehewe kuchepuka. Pwani yetu ilipeleka mpira nje kabla mashamba ya mti wa Brazili hayajafika; ulikuwa utomvu wa mitambaazi ya msituni, ya ukoo mmoja na mbungo. Mmea huo tuliuita mpira, utomvu ulioganda tukauita mpira, na kile kitu cha duara cha kuchezea tukakiita mpira. Wengine wanaona huu ni umaskini wa msamiati. Mimi naona mcheza gofu anapiga mpira kwa mpira, ingawa ule wa pili umekaa mkononi.)

Basi mkulima. Kabla ya kuinua jembe hutemea mate viganjani, akavisugua. Mbona hajikaushi? Kwa sababu ngozi kavu kabisa ni ngumu, hugusa mpini kwa migongo ya mistari yake tu. Unyevu kidogo hulilainisha tabaka la juu, ngozi inatandazika, eneo linalogusana linaongezeka na msuguano unapanda. Unyevu ukizidi, maji yanakuwa kilainishi na mambo yanaharibika. Mhasibu anayelowesha kidole kabla ya kuhesabu noti anajua jambo hilo hilo. Kwa hiyo msomaji wangu, jasho lako si adui mpaka lizidi kipimo.

Sasa mkono. Mwaka 1984 Roland Johansson na Göran Westling wa Chuo Kikuu cha Umeå, Uswidi, waliwapa watu kitu kidogo wakiinue kwa kidole gumba na cha shahada. Walikuwa wakibadilisha uso wake: hariri, ngozi ya suede, msasa. Vidole vilirekebisha nguvu vyenyewe, bila mtu kuamua. Hariri inayoteleza ilibanwa sana, msasa ulibanwa kidogo, na kila mara nguvu ilizidi kwa kiasi kidogo tu ile ya chini kabisa inayozuia kuteleza. Mkono unaijua bei ya msuguano na haupendi kulipa zaidi.

Unaona tulipofika? Ukifumbata kishikio kilichokufa, kinachoteleza, mkono unabana bila kukuuliza. Unapobana, misuli ya mkono wa mbele inakakamaa, kifundo kinakuwa kama kimefungwa gango, na kichwa cha fimbo kinachelewa. Kocha atakupigia kelele ulegeze, nawe utalegeza kwa mapigo matatu kisha mkono utarudi kubana, kwa sababu mkono una habari ambazo kocha hana. Kuubishia ni bure. Badilisha ule uso.

Na ile raha ya kuihisi fimbo, ambayo wachezaji huisifu kama wapenzi wa taarab, inatoka hapo hapo. Katika miaka ya 1830 Ernst Heinrich Weber, wa Leipzig, alionyesha kwamba badiliko dogo tunalihisi kwa kulinganisha na kilichopo tayari. Aliyebeba gunia la mkaa hatambui ukimwongezea kipande kimoja. Aliyebeba vipande vitano atatambua. Anayebana fimbo kwa nguvu zote amebeba gunia. Mitetemo na uzito wa kichwa cha fimbo unavyohama ni kipande kile kimoja. Chini ya ngozi ya kiganja kuna vihisio vyenye matabaka kama kitunguu, vinavyoitwa kwa jina la Mtaliano Filippo Pacini, na hupokea vizuri zaidi mitetemo ya mara 250 hivi kwa sekunde. Vinafanya kazi kwa bidii, lakini habari zao ni za jana: fimbo na mpira hugusana kwa nusu ya elfu moja ya sekunde tu, na ujumbe unapofika ubongoni, mpira umeshaondoka zaidi ya mita moja. Unachohisi hakikusaidii kwa pigo hilo, kinakufundisha kwa lijalo.

Ukubwa wa kishikio nitaupita haraka. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ukifumbata kwa kushoto, ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kidogo tu nyama ya chini ya gumba. Zikichimba, ni chembamba. Zisipofika, ni kinene. Kila mzunguko wa utepe chini ya mpira huongeza unene wa takriban milimita 0.4, hivyo fundi anaweza kukushonea kwa kipimo chako. Kuna wanaoapa kwamba kishikio kinene huzuia mpira usipinde kushoto; wengine huapa kinyume. Wenye maumivu ya viungo huelekezwa kwenye vinene na vyororo. Yaliyobaki ni ya fundi wako.

Mwangalie fundi huyo akifanya kazi, ni sinema ya bure. Anachana mpira wa zamani kwa wembe wenye ndoano, anazungushia ufito wa fimbo utepe unaonata pande zote mbili, anamimina kiyeyushi ndani ya kishikio kipya na juu ya utepe, kisha anakisukuma. Kwa sekunde chache kinateleza kama sabuni, naye ana muda huo tu wa kukinyoosha. Kiyeyushi kinapokauka, hakuna atakayekivuta tena.

Basi jibu lako. Mpira huzeeka: jua, hewa na mafuta ya ngozi huufanya mgumu na wa kung'aa, hadi Bi Mpira anageuka Bi Chuma. Lakini kung'aa mara nyingi ni uchafu. Osha vishikio vyako kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini, suuza, kausha kwa kitambaa, cheza siku moja. Vikiendelea kuteleza, badilisha vishikio peke yake. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya seti. Kwa jasho lako chagua vyenye nyuzi upande wa juu na mpira mtupu upande wa chini. Fimbo mpya usinunue.

Na siku ya mvua kanuni za gofu zinakuruhusu kuvaa glavu ya kawaida, kupaka unga wa kukausha mikono, hata kuzungushia kishikio taulo au leso. Wasomaji wa Mombasa, ni ile leso ndogo ya mfukoni, si kanga.