Erinjiamu: Mmea wa Mchangani na Tatizo la Kuutaja kwa Kiswahili

Katika onyesho la mwisho la tamthilia ya Shakespeare, The Merry Wives of Windsor, mzee Falstaff anaitaka mbingu imwangushie erinjo mfano wa theluji. Tamthilia hiyo iliigizwa kwa Kiswahili na waigizaji kutoka Kenya katika ukumbi wa Globe, London, mwaka wa 2012. Mtafsiri yeyote anayefika mahali hapo hana budi kujiuliza: erinjo ni kitu gani? Makala haya yanakusudia kuueleza mmea wenyewe na ukuzaji wake, maadamu ni vigumu kukipa jina la kufaa kitu usichokijua.

Erinjo zilikuwa mizizi ya mmea wa fuko za Ulaya uitwao kitaalamu Eryngium maritimum, iliyopikwa kwa sukari ikawa kitu kama halua. Enzi hizo iliaminiwa kuamsha ashiki, na ndiyo sababu Falstaff, mzee mwenye uchu, anaitaja. Mji wa Colchester, mashariki mwa Uingereza, ulipata sifa kwa biashara hiyo. Waingereza huuita mmea huu holi ya bahari, kwa kuwa majani yake yana ncha kali kama ya mholi, mti ambao matawi yake hupamba nyumba zao wakati wa Krismasi. Jina hili linapotosha. Mmea huu hauna udugu na mholi. Jamaa zake ni karoti na giligilani. Hata maua yake hudanganya macho: zinazoonekana kuwa petali za buluu zenye miiba ni majani madogo yaliyogeuka umbo, yakakizunguka kichwa chenye maua halisi, madogo mno, yapendwayo na nyuki.

Siri ya erinjiamu imo mzizini. Kama karoti, huteremsha mzizi mmoja mnene kwenda chini sana kutafuta maji, na kwa hiyo hustahimili ukame ambao ungeyaua maua mengine. Mzizi huo huo ndio udhaifu wake. Ukikatwa wakati wa kuhamishwa, mmea hudhoofika au hufa. Yafaa upandwe ungali mchanga mahali utakapokaa daima. Katika nchi za baridi, kinachouua aghalabu si baridi yenyewe bali maji yanayotuama udongoni majira ya baridi, yakauozesha mzizi. Hutaka jua la kutwa na udongo wa mchanga au kokoto usio na rutuba nyingi. Anayeutilia mbolea kwa huruma huuharibu: mashina hurefuka, hulegea na kulala chini. Kivulini, buluu yake hufifia. Mbegu hupandwa zingali mbichi, wakati wa vuli ya huko, kwa kuwa nyingi hazioti mpaka zipitiwe na baridi.

Ushahidi mzuri uko kilomita chache tu kutoka Colchester hiyo hiyo, katika kijiji cha Elmstead Market. Hapo Beth Chatto (1923–2018), aliyeanzisha bustani yake mwaka wa 1960, aligeuza uwanja wa kuegeshea magari kuwa bustani ya kokoto mwanzoni mwa miaka ya 1990. Eneo hilo hupata mvua ya takriban milimita 500 kwa mwaka, kiasi ambacho Mkenya wa nyanda kame angekitambua. Ardhi iliyoshindiliwa na magurudumu ilivunjwavunjwa, mimea ikapandwa, kokoto zikatandazwa juu kuhifadhi unyevu. Mimea ilipokwisha kushika, Chatto alikataa kuimwagilia maji hata kiangazi kilipokaza. Erinjiamu ni miongoni mwa iliyostawi.

Turudi kwenye jina. Tafsiri sisisi, holi ya bahari, ndiyo mbaya kuliko zote, kwani tutakuwa tumeazima kosa la wenyewe pamoja na mti tusioujua. Mbigili-pwani ni jina linaloeleweka, nalo linaifaa Eryngium maritimum. Lakini haliwezi kubeba jenasi nzima, kwa sababu Eryngium alpinum ni mmea wa milima ya Alps usioijua bahari. Kwa jenasi, kutohoa kunatosha: erinjiamu. Suala hili si la watafsiri wa tamthilia peke yao. Mimea ya jenasi hii hukuzwa katika nyanda za juu za Kenya, na maua yake yakakatwa na kuuzwa Ulaya. Afisa wa kilimo anayemwandikia mkulima maelekezo kwa Kiswahili anahitaji jina.

Kwa Falstaff, hata hivyo, hakuna hata moja kati ya majina hayo linalofaa. Mtazamaji husikia neno mara moja tu, naye hana tanbihi ya kusoma. Anachohitaji ni ashiki, si botania. Katika pwani yetu supu ya pweza ina sifa iyo hiyo, nami ningemwangushia mzee huyo pweza kutoka mbinguni, ingawa theluji ingelazimika kuondoka katika sentensi.