Kofia ya vito: Nani atashona nyanya zetu wakichoka macho?

Shika kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono, uinue mbele ya dirisha. Utaona mwanga unapenya kwenye vitundu vidogo vidogo, mamia yake, vimepangwa kwa mistari, maua na nyota. Jaribu kuvihesabu. Mimi sijawahi kumaliza. Kila kitundu kuna mtu alikitoboa kwa sindano, akazungusha uzi ukingoni, mshono kwa mshono, mpaka kikakaa wazi bila kuchanika. Vitundu hivyo vina jina lake, viua, na kamusi za Kiswahili bado zinaitaja kofia ya viua.

Sasa nenda sokoni Malindi au Kilifi Ijumaa asubuhi. Kofia zimejaa, lakini nyingi zimetoka kwa mashine, tena ng'ambo. Kwa mbali huwezi kutofautisha. Ukiigeuza ndani ndipo unajua, maana ya mashine uzi wake wa ndani unakimbia kutoka ua moja hadi lingine, na ya mkono ni safi pande zote mbili.

Na hapo ndipo shida yetu ilipo. Ya mashine ni rahisi, inapatikana leo. Ya mkono inachukua wiki, mara nyingine miezi. Wanaoijua wengi ni watu wazima, na macho hayasubiri mtu.

Si mambo ya juzi

Kuna wanaodhani darizi ni kitu cha kupitisha muda tu. La hasha. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka wa 1331 aliandika kwamba nguo zilizofumwa pale zilikuwa zikipelekwa hadi Misri. Wachimbaji wa magofu ya Kilwa na Shanga, kisiwani Pate, walikuta vipande vya vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyotumika kusokotea uzi. Na Wareno walipokuja, nguo za Pate zilikuwa tayari zina jina pwani nzima.

Kwa hivyo mtu wa Malindi, Mambrui au Takaungu akishika sindano, haigi mambo ya wageni. Kanzu yenye darizi shingoni, joho la bwana harusi lenye nyuzi za dhahabu ukingoni, kofia ya vito, yote ni ya huku kwetu. Hata Oman wana kofia ya namna hiyo hiyo, wao huiita kumma, na bahari ndiyo iliyotuunganisha.

Halafu kuna vitambaa. Usicheke! Ni nyumba gani ya Kenya haijawahi kuwa na kitambaa cha kroshia juu ya kochi, juu ya meza, hata juu ya televisheni? Ile ni lesi, mtu wangu. Vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza 1952, vilifunza akina mama wengi kushona na kufuma, na kazi hiyo ikasomesha watoto. Leo tunavitoa kochini tukipiga picha, eti vinaonekana vya kizamani. Wakati huo huo fulana za kroshia zinavaliwa ufuoni Watamu na Kilifi, na watu wanauliza zimenunuliwa wapi.

Hadithi ya Burano

Malindi tunajuana sana na Waitaliano, basi wacha niwaazime hadithi moja yao. Karibu na Venice kuna kisiwa cha wavuvi kiitwacho Burano. Zamani lesi yake ilivaliwa na wafalme. Baadaye soko likaanguka, watu wakaacha. Mwaka wa 1872 baridi ilikuwa kali, uvuvi ukakwama, njaa ikaingia. Watu wakakumbuka lesi, lakini aliyekuwa bado anaujua mshono wa zamani alikuwa bibi kizee mmoja, zaidi ya miaka 70, wakimwita Cencia Scarpariola.

Mmoja tu! Mwalimu wa shule ya pale akakaa naye, akamtazama akishona, akajifunza, kisha akawafunza wasichana. Shule ya lesi ikafunguliwa mwaka huo huo, na familia nyingi zikapata chakula kupitia sindano.

Ila hadithi haikuishia hapo. Shule hiyo ilifungwa mnamo 1970, na leo jengo lake ni makumbusho. Watalii wanaenda Burano kwa wingi, na lesi nyingi wanazouziwa madukani hazikushonwa pale. Kwa hivyo kujifunza peke yake hakutoshi. Lazima kazi imlishe mwenye kuifanya.

Hesabu ambayo hatupendi kupiga

Tuseme kofia moja inakuchukua saa 80. Ukiiuza Sh4,000, umejilipa Sh50 kwa saa, na hapo bado hujatoa pesa ya kitambaa na uzi. Ndiyo maana ukimwambia kijana aache boda akashone, atakuona kama umechanganyikiwa.

Mimi niliacha chuo karo ilipokwisha, kwa hivyo najua kuhesabu shilingi. Siwezi kukuambia darizi itakutoa kimaisha wiki ijayo. Ila kuna mambo mawili. Kwanza, kofia unaishona huku unafanya mambo mengine: barazani, dukani ukingoja wateja, usiku umeme ukiwepo. Pili, si lazima uanze na kofia nzima. Ua dogo mfukoni mwa shati, ukingo wa lesi kwenye mtandio, herufi za jina kwenye mkoba, hizo ni kazi za siku moja au mbili, na mteja analipa kwa sababu ni yake peke yake. Mashine haikai na mteja kumuuliza jina la bintiye.

Wavulana nao waache aibu. Nikishika sindano kijiweni huwa naulizwa kama nimeolewa. Mbona fundi wa cherehani hamumcheki, na wengi ni wanaume? Sindano ni ile ile, tofauti ni kwamba hii haina mguu wa kukanyaga.

Unaanzaje?

Vifaa havitafilisi mtu: kitambaa cheupe cha pamba, uzi wa darizi, sindano mbili (moja nene ya kutobolea, moja nyembamba ya kushonea), penseli, na duara la mbao la kubania kitambaa kisilegee. Chora mistari kwanza. Jifunze mshono wa nyuma na wa mnyororo mpaka iwe sawa, ndipo uguse kiua. Toboa, usikate. Sindano nene inasukuma nyuzi za kitambaa kando bila kuzikata, na ndiyo sababu kitundu hakichaniki kofia ikifuliwa. Kisha zungusha uzi, mishono ikae bega kwa bega.

Kofia yenyewe ni vipande viwili: duara la juu na mkanda wa pembeni. Kila kipande kina tabaka mbili za kitambaa, na hushonwa peke yake kabla ya kuunganishwa. Anza na mkanda, maana mistari yake ni rahisi kuliko duara.

Video za intaneti zitakusaidia kwa mishono ya kawaida. Lakini kwa maua ya huku kwetu, mwalimu ni jirani. Aliyenifunza mimi ni mama mmoja wa mtaa wa Shella, Malindi. Hakunitoza chochote ila sharti moja, nimfunze na mwingine. Sasa hivi tuko wanne. Siku hizi hatungi uzi mwenyewe, anatupa sisi tumtungie, halafu vidole vyake vinaendelea kama vina macho yao.

Ukienda kwa mtu mzima, piga hodi, salimia vizuri, kaa utazame kabla ya kutoa simu. Ukitaka kurekodi, omba ruhusa, na ukiposti, sema ua umelitoa kwa nani kama mwenyewe ameridhia. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na inazitaka kaunti ziwe na rejista ya maarifa hayo. Sasa kaunti itaandika nini kwenye rejista kama sisi wenyewe hatujui hata majina ya mishono?

Jumamosi hii muulize nyanyako, shangazi au jirani swali moja tu: ulipokuwa msichana ulishona nini? Akiinuka kwenda kufungua sanduku, mfuate.