Gitaa Jipya la Umeme: Kasoro za Kurekebisha na Kasoro za Kukataa

Gitaa la umeme la bei nafuu linalouzwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala aghalabu limetengenezwa Indonesia au China. Huko ndiko zinakotoka nyingi za Squier, Epiphone na Yamaha Pacifica ambazo wanafunzi na kwaya za makanisa huanza nazo. Mbao za gitaa hilo zilikaushwa kwa kipimo, likapakwa rangi, likafungwa nyuzi na kukaguliwa, kisha likafungiwa ndani ya kontena wiki kadhaa likivuka Bahari ya Hindi. Linapofika dukani hutundikwa ukutani, pengine karibu na mlango ambapo jua la alasiri hulipiga, pengine chini ya kiyoyozi. Katika safari hiyo yote mbao hunywa unyevu na kuutoa, na shingo hupinda kidogo kuelekea huku au kule. Kwa hiyo gitaa linaweza kuwa jipya kabisa na bado lisiwe tayari kupigwa.

Wanunuzi wengi hupotezwa na jambo hilo kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaolikataa gitaa zuri kwa sababu nyuzi zake ziko juu na vidole vinauma, kumbe kazi ya nusu saa ya fundi ingelilainisha. Wapo pia wanaolichukua gitaa bovu kwa sababu linang'aa na jina lililoandikwa kichwani ni kubwa. Swali la kubeba dukani ni moja: je, kasoro hii inaondoka kwa bisibisi na ufunguo wa alenki, au imekaa ndani ya mbao yenyewe?

Shingo ndiyo ya kutazamwa kwanza, tena kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Nyuzi sita nyembamba za kawaida, zikikazwa hadi kwenye sauti zake, huivuta shingo kwa nguvu ya takriban kilo 40, mchana na usiku. Ili mbao istahimili mvuto huo, Thaddeus McHugh wa kampuni ya Gibson alibuni fimbo ya chuma inayopita ndani ya shingo na kukazwa kwa nati, akapewa hataza yake mwaka 1923. Karibu kila gitaa la umeme la leo lina fimbo ya namna hiyo. Fimbo huweza kuinyoosha shingo iliyovutwa mbele na nyuzi, au kuilegeza iliyonyooka kupita kiasi, na kazi yake inaishia hapo.

Mnunuzi alishike gitaa likiwa limekazwa nyuzi, aliinue, atazame shingo kutoka kichwani kuelekea kwenye kiwiliwili, kama mwindaji anayelenga bunduki. Kingo mbili za shingo zinapaswa kwenda sambamba. Mkunjo mdogo wa kuelekea mbele si tatizo, hata unatakiwa. Lakini ukingo mmoja ukipanda huku wa pili ukishuka, shingo imesokotwa, na hakuna fimbo wala ufunguo utakaoirudisha. Gitaa la namna hiyo lirudishwe ukutani hata kama muuzaji anashusha bei, kwa sababu punguzo halitainyoosha shingo.

Kiasi cha mkunjo nacho kinapimika bila chombo maalumu. Uzi mnene hubanwa kwenye freti ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha chuma kinachokata uso wa shingo, na kwenye ile ya mwisho kwa wakati mmoja, hapo uzi wenyewe ukawa rula. Kisha hutazamwa nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Kwa magitaa mengi, kampuni ya Fender ikiwa miongoni mwa zinazopendekeza kipimo hiki, robo ya milimita inatosha, yaani karatasi mbili au tatu za mashine ya fotokopi zikipangwa pamoja. Kadi ya benki ikipenya bila kugusa, shingo imeinama mno. Isipokuwepo nafasi hata kidogo, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kinyumenyume, na nyuzi zitakwaruza kwenye freti za mwanzo. Hali zote mbili ni za kurekebishwa, ila uwezekano wa kurekebishwa uthibitishwe palepale. Fundi wa duka aombwe aizungushe nati robo mzunguko, atyuni upya, kisha wote watazame tena. Shingo ikiitikia, hakuna shaka. Nati ikizunguka bure, au ikiwa imefika mwisho na shingo bado imeinama, gitaa hilo lisinunuliwe.

Nyuma ya kichwa napo pasisahaulike. Magitaa ya mtindo wa Gibson yana kichwa kinacholala nyuma kwa pembe kubwa, digrii 17 kwa miundo yake mingi, na shingo yenye mbao kidogo mahali pale ambapo fimbo hufikiwa. Yakianguka ndani ya sanduku wakati wa usafirishaji, hupasuka hapo, na ufa unaweza kuwa mwembamba kama unywele chini ya vanishi. Kucha ikipitishwa taratibu huuhisi kabla ya jicho kuuona.

Baada ya shingo huja freti, na hapa subira inalipa. Kila uzi upigwe kwenye kila freti, kuanzia ya kwanza hadi ya 21 au 22, polepole, kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Kazi hiyo haichukui hata dakika kumi. Sauti ikikwaruza kote, tatizo huwa ni shingo au nyuzi zilizoshushwa mno, na hiyo ni kazi ya marekebisho. Ikikwaruza mahali pamoja tu, kuna freti iliyochomoza kuliko wenzake. Kadi ya benki ina kazi hapa pia: ukingo wake ulionyooka huwekwa wima juu ya freti tatu zinazofuatana, katikati ya nyuzi mbili. Kadi ikicheza, freti ya kati imepanda. Fundi anaweza kuigonga irudi chini au kuisawazisha kwa tupa, lakini gharama hiyo kwenye gitaa jipya ni ya muuzaji.

Majaribio haya yafanywe kwa sauti safi ya amplifaya, bila athari ya kukoroma wala mwangwi. Wauzaji wengi hupenda kumwonyesha mteja gitaa likinguruma, na mngurumo huficha mikwaruzo, sauti zinazokatika na hata nyuzi zisizolingana. Kwa mwanamuziki wa Afrika Mashariki na Kongo jambo hili lina uzito wa pekee. Upigaji wa solo uliokuzwa na akina Nico Kasanda na Franco Luambo kule Kinshasa, na Mbaraka Mwinshehe akiwa Morogoro Jazz, umejengwa juu ya sauti safi, na katika sebene, sehemu ya wimbo inayotawaliwa na magitaa, mkono wa kushoto huishi juu ya shingo, kupita freti ya 12. Gitaa ambalo sauti yake inakufa huko juu linaweza kumfaa anayepiga kodi za ridhimu karibu na kichwa. Mpiga solo halimfai hata kidogo, na afadhali alijue hilo kabla ya kulipa.

Ncha za freti hukaguliwa kwa kupitisha kiganja kando ya shingo, kwenda na kurudi. Zikikwangua ngozi, mara nyingi sababu ni ukavu: mbao imesinyaa, chuma kimebaki na urefu wake, ncha zikatokeza. Gitaa linaloteleza vizuri mkononi pwani, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, linaweza kuanza kukwangua likipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi. Fundi hulimaliza hilo kwa tupa ndogo, na si sababu ya kulitupa gitaa zuri.

Jambo linalohitaji sikio zaidi ni ulinganifu wa sauti shingo nzima. Freti ya 12 iko nusu ya urefu wa uzi unaotoa sauti. Kwenye Stratocaster ya Fender urefu huo ni milimita 648, kwenye Les Paul ya Gibson ni takriban milimita 628. Uzi ukiguswa tu juu ya freti ya 12 hutoa sauti nyembamba kama ya filimbi, na ukibanwa hapohapo hutoa noti. Sauti hizo mbili zinapaswa kuwa sawa kwenye kipima sauti, na programu ya bure ya simu inatosha kwa kazi hii. Noti iliyobanwa ikiwa juu, kibebeo cha uzi kwenye briji, pale nyuzi zinapokalia kwenye kiwiliwili, husogezwa nyuma. Ikiwa chini, husogezwa mbele. Hii ni kazi ya bisibisi. Lakini kibebeo kikiwa kimefika mwisho wa njia yake na sauti bado hailingani, basi briji ilifungwa mahali pasipo pake, na kiwanda ndicho kilichokosea. Telecaster ya asili iachwe nje ya hukumu hiyo. Ina vibebeo vitatu kwa nyuzi sita, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili, hivyo tofauti ndogo ni sehemu ya muundo wake tangu miaka ya 1950.

Kipimo hiki hakina maana kwa nyuzi zilizoshika kutu, na nyuzi za magitaa ya madukani pwani hushika kutu haraka. Mnunuzi makini huenda na seti mpya mfukoni au huomba dukani ifungwe moja. Muuzaji anayekataa kubadili nyuzi za gitaa analotaka kuliuza tayari ameonyesha atakavyomhudumia mteja likileta matatizo.

Kipo kipande kidogo cha mfupa au plastiki kinachozipokea nyuzi mwanzoni mwa shingo, kabla hazijafika kwenye funguo za kukazia. Mifereji yake ikiwa juu sana, kodi ya F kwenye freti ya kwanza itasikika imepotoka hata kama nyuzi zimetyuniwa sawasawa. Ikiwa myembamba, uzi hukwama na kulia "tik" unapokazwa, na gitaa halikai kwenye sauti. Watu wengi hulaumu funguo za kukazia, wakanunua nyingine bila sababu.

Umeme wa gitaa una vipengele vingi, ingawa ukaguzi wake ni mwepesi. Kila pikapu, yaani kinasa sauti chenye sumaku kilicho chini ya nyuzi, ijaribiwe kwa kugongwa taratibu kwa ncha ya bisibisi huku swichi ikihamishwa. Stratocaster za kisasa zina nafasi tano kwenye swichi, mpangilio ulioanza kutolewa kiwandani mwaka 1977. Nafasi zote tano zinapaswa kutoa sauti, na zitofautiane. Vitufe vizungushwe mwanzo hadi mwisho, vikikoroma ijulikane. Waya ukichezewa kwenye tundu lake sauti isikatike. Kisha mikono iondolewe kwenye nyuzi, isikilizwe sauti ya kuvuma. Pikapu za koili moja huvuma, hiyo ndiyo tabia yake, kwa kuwa hunasa umeme wa 50 Hz uliomo kwenye nyaya na taa za jengo. Ndiyo maana Seth Lover wa Gibson alibuni pikapu ya koili mbili mwaka 1955, ili mivumo miwili ifutane. Kipimo ni hiki: nyuzi zikiguswa, mvumo upungue. Usipopungua, huenda waya wa ardhi unaopaswa kufika kwenye briji umekatika au haukulehemiwa. Ni dosari ndogo kwa fundi, lakini kwenye gitaa jipya inaonyesha kwamba mkaguzi wa kiwanda hakulisikiliza.

Amplifaya ya dukani nayo itazamwe kabla ya kuguswa. Plagi ya pini tatu iliyong'olewa pini ya ardhi, au adapta ya pini mbili, humwacha mpigaji bila kinga iwapo umeme utavuja kwenye chuma cha nyuzi. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Uskoti ya Stone the Crows, aliuawa na umeme jukwaani mjini Swansea mwaka 1972 aliposhika maikrofoni isiyokuwa na ardhi salama. Hakuna gitaa linalostahili kujaribiwa kwenye amplifaya ya namna hiyo.

Rangi isipewe muda mwingi. Mchubuko mdogo haubadilishi sauti, na mara nyingine hufungua mlango wa punguzo la haki. Mbao ya uso wa shingo huwatia watu wasiwasi zaidi, hasa wakisoma neno laurel badala ya rosewood. Mwanzoni mwa 2017 biashara ya kimataifa ya jamii nzima ya Dalbergia, ambamo rosewood imo, iliwekewa masharti chini ya CITES, mkataba wa kusimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kampuni kadhaa zikahamia mbao nyingine kwa magitaa ya bei ya chini. Masharti yalilegezwa kwa ala za muziki zilizokamilika mwishoni mwa 2019, lakini laurel ilibaki, na si kasoro. Mpingo wa misitu ya Kilwa ni wa jamii hiyohiyo ya Dalbergia, na wapo mafundi wanaoutumia kwa uso wa shingo.

Kuhusu bandia, gitaa lenye jina la Gibson kwa bei ya Squier halihitaji uchunguzi mrefu. Kifuniko cha fimbo kichwani mwa Gibson hufungwa kwa skrubu mbili. Nakala nyingi huwa na tatu.

Duka likiwa na magitaa mawili ya aina moja, yote mawili yapitishwe kwenye vipimo hivi, kwa sababu yanaweza kutofautiana kuliko bei yanavyoonyesha. Kabla ya kulipa, mnunuzi apatane na muuzaji kuhusu marekebisho ya bure baada ya mwezi mmoja, gitaa likishazoea hewa ya nyumba yake, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya gitaa iliyopigwa chapa kichwani au nyuma ya shingo.